Gari Jeusi la Emlyn Probert

Delyth Probert aliporudi kuishi na baba yake, mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa. Mama yake, Nesta, tulikuwa tumemzika majira ya baridi yaliyotangulia, na jiko la shule alilopikia Delyth tangu usichana wake lilikuwa limefungwa, watoto wakahamishiwa shule kubwa ya ng'ambo ya mto. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzuia. Kilichotushangaza ni mzigo wa mwisho alioushusha siku ile: boneti ya gari. Boneti tupu, nyekundu, iliyong'olewa kwenye gari bovu huko Llanelli kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Aliibeba kichwani kwenye manyunyu ya mvua akaenda kuiegemeza ndani ya banda la gari la baba yake.

Mimi na akina Probert tunapakana ukuta. Mzee Emlyn alinikuta naanua nguo, akaegemea uzio.

"Eurwen," akaniambia, "wenzangu binti zao hurudi nyumbani na wajukuu. Wangu karudi na boneti."

"Ya nini?"

"Ameniambia ya kujifunzia. Anataka kuwa fundi wa kung'arisha magari. Kupika kumemshinda, sasa anataka kupaka magari mafuta."

Alisema hivyo akicheka, na Delyth alikuwa anamsikia kutoka bandani. "Si kupaka mafuta, baba. Ni kuondoa mikwaruzo."

"Haya, kuondoa mikwaruzo. Uanze na mimi basi."

Emlyn alikuwa dereva wa basi maisha yake yote, kutoka Ammanford kwenda Swansea na kurudi, na hakuna abiria aliyewahi kumwona na shati lisilopigwa pasi. Alikuwa na Rover nyeusi aliyoinunua alipostaafu. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, aliiosha: ndoo moja, sabuni ya vyombo, na sponji moja la manjano lililozeeka naye. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo milango aliioshea akiwa amekaa kwenye kigoda. Sponji likimdondoka, aliliokota akaendelea. Majirani tulimsifu kwa usafi wake, hatukujua kwamba ule mchanga uliobebwa na sponji ndio uliokuwa unaliumiza gari lake Jumapili baada ya Jumapili.

Delyth ndiye aliyetuonyesha. Alikuwa amefunzwa misingi na mtu mmoja wa Swansea, mnene, mpole, anayeitwa Kerry, kisha majira yote ya baridi akajifungia bandani na ile boneti nyekundu, akiisugua kwa mashine, anaiharibu, anaitengeneza, anaiharibu tena. Ilipofika masika alimwita baba yake nje, nami nikachungulia. Aliwasha tochi kali akaielekeza kwenye mlango wa Rover.

"Unaona hiyo mistari, baba? Inazunguka taa kama utando wa buibui."

"Naona taa."

"Angalia pembeni ya taa."

Mzee akainama, akakunja uso. "Huo ni uzee, mwanangu. Hata mimi ninayo."

"Yako sina dawa yake. Hii ninayo. Nipe gari lako nilifanyie kazi, liwe la kwanza."

Emlyn alifikiri kidogo, kisha akampa funguo kwa heshima, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zamu ya basi.

Ile kazi niliitazama nikiwa jikoni kwangu, maana ilimchukua Delyth tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake tena. Alianza kwa kuliosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa ili mchanga usirudi. Akalipitishia udongo fulani laini wa kunata, unaong'oa vile vichembe vya chuma na lami ambavyo macho hayavioni ila kiganja kinavisikia. Akabandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote na kwenye plastiki. Ndipo akashika mashine, ile yenye sponji la duara mbele yake, akatia matone machache ya dawa ya kusugulia, akaenda polepole, kipande kwa kipande, midomo imebana. Kila akimaliza kipande anafuta, anawasha tochi, anatazama, anarudia.

Nilimpelekea chai nikamwuliza mikwaruzo inakwenda wapi.

"Haiendi popote," alisema. "Kerry husema huuondoi mkwaruzo. Unaondoa rangi iliyouzunguka, mpaka mkwaruzo unakosa mahali pa kukaa. Juu ya rangi kuna ngozi nyembamba kama varnishi, na kila ukipiga mashine unaipunguza kidogo. Ndiyo maana naogopa."

"Ikiisha?"

"Imeisha. Hakuna kurudisha, ila kupaka gari upya."

Alipomaliza akapaka nta, akafuta kwa kitambaa kipya, akamwita mzee. Nimekaa mtaa huu tangu niolewe, sijawahi kuona weusi wa namna ile. Lilikuwa kama maji ya kisima. Mlima wote wa nyuma ya nyumba zetu ulikuwa mle mlangoni, na kondoo wake, na mawingu. Emlyn alikaa kwenye kigoda chake, akalitazama. Kisha akatoa kitana mfukoni, akachana nywele zake chache akijitazama mlangoni.

"Nesta angeniambia sasa hata kioo cha chumbani tukigawe," alisema. Delyth akageuka upande wa banda akajifanya anakunja waya wa mashine.

Sifa zilienea. Mwalimu mmoja mstaafu akaleta kigari chake cha kijani, dereva teksi akaleta lake, na baada ya wiki kadhaa Delyth alikuwa na kazi za kutosha kumtoa kitandani asubuhi. Mikono ilimkakamaa, kucha zikaingia weusi, na alikuwa na furaha ambayo jikoni mwa shule hatukuiona.

Nyumbani, mzee alikuwa ameanza kusahau. Si jambo la ajabu, nasi tulilichukulia hivyo. Miwani ilipatikana kwenye kopo la mkate. Aliniuliza habari za mume wangu, ambaye yeye mwenyewe alilibeba jeneza lake. Kisha Delyth akaanza kukuta kikombe cha chai chini, uwanjani, karibu na mlango wa dereva. Kimejaa, kimepoa, kimeingia maji ya mvua. Leo kimoja, keshokutwa kingine.

"Baba, chai unaiacha nje."

"Si yangu hiyo."

Alivikusanya, akaviosha, akavirudisha kabatini.

Halafu ikaja ile asubuhi alipotoka kwenda kazini akaona alama kwenye mlango wa gari. Ilikuwa kubwa kama sahani, imesuguliwa mpaka imefifia, weusi umegeuka kijivu. Alidhani ni watoto. Alimwuliza baba yake.

"Nani kasugua hapa?"

"Labda ni yule," Emlyn alijibu, akipaka siagi mkate wake.

"Yule nani?"

"Si yupo pale."

Delyth aliwaza kuwa anamsema kijana wa magazeti. Hakuwa na muda wa kubishana. Jioni alitoa mashine, akaisugua ile sahani mpaka ikatoweka, mlango ukarudi kuwa kama kisima. Hazikupita siku nyingi, alama ikarudi. Akaitoa tena. Safari hii alimpigia simu Kerry, naye akamshauri aweke ile dawa ya kinga inayoganda juu ya rangi kama kioo, ambayo hata nta haiifikii kwa ugumu. Akampa chupa moja kwa bei ya urafiki. Delyth akaipaka gari zima, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akalifungia bandani mpaka ikauke. Lilipotoka, ule weusi wa kwanza ulikuwa si kitu.

Kesho yake nilikuwa naweka mapipa ya takataka njiani nikasikia Emlyn anaongea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya mlango wa gari, kikombe cha chai kimewekwa chini mbele yake, naye anazungumza Kiwelisi cha utotoni, kile cha heshima ambacho siku hizi hukisikii ila kanisani.

"Bwana, umekaa sana," alikuwa anasema. "Sikufukuzi, lakini mwenye nyumba ana shughuli zake. Kunywa chai yako uende kwenu."

Akangoja jibu. Akainamisha kichwa upande mmoja, na bila shaka aliyemo mlangoni naye akainamisha chake.

"Unanifanyia mzaha?"

Akainuka kwa taabu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa sponji la kusugulia masufuria, akaligeuza upande wa kijani, ule mgumu. Akaanza kusugua. Nilikimbia kumgongea Delyth. Alitoka na nguo ya kulalia, miguu mitupu kwenye lami yenye maji.

"Baba, unafanya nini?"

"Namtoa."

"Unamtoa nani?"

"Huyu mzee. Chai nimempa, hanywi. Jina nimemwuliza, hasemi. Anakaa tu ananikodolea macho, na Nesta yuko ndani anaoga."

Delyth alisimama. Kisha akapiga magoti pale chini, akaweka uso wake karibu na wa baba yake, wote wawili wakatazama mlangoni.

"Na huyu mwanamke aliye pembeni yake," akauliza polepole, "unamjua?"

"Huyo ni Del," alisema mzee kwa uchungu. "Sijui amekaa na mtu huyo kufanya nini."

Nilimwona Delyth akifumba macho. Alimshika baba yake mkono, akamwondolea sponji vidoleni, akampeleka ndani, nami nikabaki na kile kikombe.

Muuguzi wa wenye ugonjwa wa kusahau, bibi mmoja mchangamfu aitwaye Siân, alikuja akakaa jikoni kwao. Alieleza kwamba kuna wagonjwa wanaofika mahali wakaacha kuijua sura yao wenyewe. Wanajikumbuka walivyokuwa ujanani, kwa hiyo yule mzee kwenye kioo kwao ni mgeni. "Usibishane naye," alisema. "Ukimwambia ni yeye, utamtisha. Funika vioo tu."

"Vioo vya ndani nitavifunika," Delyth alisema. "Na cha nje?"

"Kipi cha nje?"

Delyth akamwonyesha dirishani. Siân alilitazama lile gari kwa muda. "Mungu wangu, linavyong'aa," alisema, kisha akaona aibu ya kusema.

Vioo vya nyumba vikafunikwa kwa mashuka, mpaka cha kunyolea. Gari nalo likafunikwa kwa turubai maalumu. Asubuhi turubai lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni.

"Atakosa hewa mle," Emlyn alieleza. "Simpendi, lakini sitaki afe kwangu."

Delyth akalifungia gari bandani. Mzee akaupiga mlango wa banda kwa ngumi, akiita kuna mtu amefungiwa, mpaka vidole vikatoka damu na mimi na jirani wa upande wa pili tukatoka kumshika. Iwan, kaka yake Delyth, alipiga simu kutoka Bristol. Iwan ana majibu ya haraka.

"Si uliuze tu? Gari lenyewe la zamani."

Delyth alijaribu. Alilipeleka kwa Kerry likae huko, akamwambia baba liko gereji. Mchana wake polisi walimrudisha mzee kutoka barabara kuu, amevaa kofia yake ya udereva, alikuwa anakwenda gereji kwa miguu kulifuata. Gari likarudishwa. Na kweli mle ndani, kwenye kiti cha abiria, ndimo mahali pekee alipokuwa bado mtu mzima. Ukimpakia akazungushwa mpaka Llandeilo na kurudi, alikutajia vituo vyote vya basi, na nani alikuwa anapandia wapi. Ungemnyima hilo kwa moyo gani?

Kwa hiyo likabaki, na vita vikaendelea. Siku moja nilisikia kilio, si kelele za ugomvi. Nilimkuta Emlyn kwenye kigoda, sponji la kijani liko chini. Mlango ulikuwa umesuguliwa vibaya, na ile sura iliyokuwamo sasa ilikuwa ukungu, haina macho wala mdomo.

"Nimemuumiza," aliniambia. "Tazama uso wake, Eurwen. Sikukusudia. Nilitaka aondoke tu."

Delyth alipofika alimwambia hivyo hivyo, akimshika kwenye mkono wa koti. "Mtibu, Del. Wewe si unajua kazi hiyo? Mtibu."

Angefanya nini? Alitoa mashine. Baba yake alikaa kando akitazama, mikono magotini, kama anayengoja nje ya chumba cha daktari. Sura ilipoanza kurudi mlangoni, kwanza nywele, kisha paji, kisha macho, mzee alishusha pumzi. "Pole, bwana," alisema. "Pole sana." Alikuwa mpole siku ile nzima. Kesho yake asubuhi akamkuta yule mtu bado yuko pale, mzima, anamkodolea, akarudi jikoni kuchukua sponji.

Ikawa hivyo kipindi chote cha kiangazi. Gari liking'aa, anamfukuza mgeni. Likichakaa, analia kwamba kamjeruhi. Delyth anatibu. Masponji alikuwa akiyaficha, basi mzee anapata jiwe la kusugulia miguu, au kipande cha zulia. Na kila tiba inakula ile ngozi nyembamba. Delyth alijua. Alijifunza kwenye ile boneti nyekundu namna rangi inavyotoboka mwishoni, alijua hata sauti yake. Alikuwa akiweka kiganja mlangoni kila akimaliza kipande, asikie joto, maana likizidi huchoma rangi. Alibadilisha dawa akatumia laini kabisa. Wateja wake nao walingoja. Kigari cha kijani kilirudi mara ya pili akasahau kukiwekea nta, mwalimu akamwambia haidhuru, Delyth akaingia bandani akakaa juu ya ndoo kwa muda.

"Lala kidogo," nilimwambia. "Nitakaa naye mimi."

"Nikilala atatoka."

"Nitamzuia."

"Kwa nini umzuie? Ana haki yake. Kuna mtu asiyemjua nje ya nyumba yake."

Nikaenda kumchemshia chai.

Siku rangi ilipotoboka nilikuwapo. Alikuwa anapitisha mashine karibu na ukingo wa mlango, pale chuma kinapokunja na ngozi ni nyembamba kuliko pote. Akaizima ghafla. Akafuta kwa kitambaa. Palikuwa na kidoa cha kijivu, si cha ukungu, cha kijivu chenyewe, ile rangi ya chini kabisa, na kwenye kitambaa kulikuwa na weusi. Alifuta tena, kama kwamba kingefutika. Alimpigia Kerry, akaweka simu juu ya paa la gari ili mikono ibaki huru, nami nikamsikia Kerry akiuliza kidoa kina ukubwa gani, kiko wapi, amepiga mashine mara ngapi tangu masika.

"Ah, Del," alisema mwishowe. "Hapo maji yamekwisha kumwagika, mama. Usiguse tena. Mlango mzima utakuwa hivyo."

"Ukipakwa upya?"

"Unaweza kupakwa upya. Halafu?"

Halafu ungeng'aa. Wote watatu tulilijua hilo.

Jumamosi iliyofuata Iwan alikuja kumchukua mzee kwa mchana mmoja, wakatazame mchezo wa raga huko Llanelli. Gari la Iwan lilipokwisha kupinda kona, Delyth akatoka na ndoo, mpira wa maji na furushi la msasa.

"Nisaidie kushika mpira," aliniambia.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka asiwemo mtu."

Alianza na boneti. Aliuchovya msasa majini akauzungushia kwenye kipande cha mpira mgumu, akasugua kwa mistari mirefu iliyonyooka, mimi namwaga maji nyuma ya mkono wake. Maji yalitiririka meupe kama maziwa hadi barabarani. Ule mlima wenye kondoo ulififia, ukaondoka. Mawingu yakaondoka. Kisha akaja kwenye paa, kwenye buti, kwenye milango yote, na ile dawa ya kioo aliyoipaka kwa uangalifu ilimpa kazi, ilikuwa ngumu kweli kama alivyoahidiwa. Mara moja tu alisimama, mbele ya mlango wa dereva, akatazama sura yake mwenyewe mle, kisha akaimwagia maji akaendelea. Vijana wawili waliopita na baiskeli walisimama wakasifu, wakasema magari ya namna hiyo ndiyo yanayotafutwa sasa, yasiyong'aa, na wakamwuliza kama hufanya kwa watu. Alisema hafanyi.

Lilipokauka lilikuwa kama ubao wa shule. Ungeweza kuliandika kwa chaki. Madirisha aliyabandika karatasi nyeusi zisizong'aa kwa nje, ila la mbele.

Emlyn alirudi jioni na skafu nyekundu shingoni, amechangamka. Alikuta kigoda chake mahali pake. Akakaa. Sote watatu, mimi, Delyth na Iwan, tulisimama mlangoni mwa nyumba tukijifanya tunaongea. Mzee alitazama mlango wa gari. Akasogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia. Akaunyosha mkono akaupapasa, taratibu, kwa kiganja chote.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Ameondoka, baba," Delyth alisema.

"Ameondoka lini?"

"Leo, ulipokuwa kwenye mchezo."

"Bila kuaga?"

Mzee aliendelea kupapasa. "Umri ule," alisema. "Na magoti yale. Amekwenda kwa nani?"

Kwa muda wa majuma alimtafuta. Aliinamia vidimbwi vya mvua. Aliinua mashuka kwenye vioo akayashusha upesi, kama anayefungua mlango wa chumba kisicho chake. Hakusugua tena kitu chochote, na kwa hilo tulishukuru, tukaambiana kwamba sasa ametulia. Lakini hakuwa ametulia. Alikaa kwenye kile kigoda mikono mitupu, na kila siku alipungua. Majani yalipoanza kuanguka alimwita Delyth "bibi" na kumwuliza kama basi la mwisho limepita. Alianguka bafuni. Akaanguka tena ngazini. Siân akasema wakati wa nyumba ya wazee umefika, Iwan akakubali kwa simu, na Delyth akatia saini.

Siku ya kumpeleka aliingia kwenye gari bila ubishi. Mimi nilikaa nyuma na begi lake. Tulipovuka daraja aliligusa dashibodi kwa kidole.

"Gari la nani hili?"

"Lako, baba."

"La," alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Langu linang'aa."

Delyth aliendesha. Sikumwona uso, niliona mikono yake kwenye usukani tu.

Nyumba ile ya wazee ilikuwa nzuri, iko kilimani juu ya Llandeilo, inanukia mchuzi wa kondoo na vitunguu liki. Wahudumu walikuwa watu wema na wachache. Delyth aliwaeleza habari ya vioo, nao waliandika, wakasema kile cha chumbani kimekazwa ukutani, fundi atakuja kukitoa, kwa sasa wangekifunika kwa taulo. Tukamwacha mzee amekaa kitandani na kofia yake mkononi.

Tuliporudi Jumapili taulo lilikuwa chini. Tulisikia sauti yake tangu kwenye ujia, na Delyth akaongeza mwendo, nikajua anachowaza. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Emlyn alikuwa amevuta kiti mbele ya kioo, magoti yake yanagusa ukuta, anazungumza Kiwelisi, na anacheka.

"Nilidhani umekwenda moja kwa moja," alikuwa anamwambia. "Hata mimi wamenileta huku. Chakula si kibaya. Chumvi haba."

Delyth alisimama kizingitini. Alisimama upande, mwili nusu nyuma ya fremu, asionekane kiooni. Lakini sakafu ililia, na mzee akamwona mlemle ndani ya kioo.

"Aa," alimwambia mwenzake. "Huyo ni Del, binti yangu. Anang'arisha magari. Mtazame mikono yake utajua."

Tangu majani yaanze kuanguka hakuwa amelitaja jina lake. Delyth aliangalia mikono yake, kana kwamba naye ameambiwa aitazame. Alisogea hatua ndogo, akaweka mkono mmoja begani mwa baba yake, na wale watu wawili wa kiooni wakawatazama. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikaletwa.

Tulipotoka alimtafuta mhudumu aliyekuwa zamu, akamwomba kioo kisitolewe. Yule msichana alikuwa na sinia mkononi na kengele inalia chumba kingine. Alisema sawa, atamwambia mwenzake.

Jumapili iliyofuata ukuta ulikuwa mtupu, na mashimo ya skrubu yamezibwa vizuri kwa chokaa. Fundi alikuwa amekuja katikati ya wiki. Msichana wa zamu hakuwa yule, naye aliomba radhi kwa jambo ambalo hakulielewa. Delyth aliomba kirudishwe, wakasema wataona, na nadhani walitaka kuona kweli, lakini baada ya siku chache mzee alipata kikohozi na hakuinuka tena kitandani.

Lakini Jumapili ile ya ukuta mtupu alikuwa amekaa kwenye kile kiti, bado amekielekeza ukutani. Delyth alikigeuza taratibu kuelekea dirishani. Akavuta kingine, akakaa mbele ya baba yake, karibu, magoti kwa magoti. Mzee alimtazama usoni kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekaa mbele yako kwenye basi. Delyth akatoa chungwa mfukoni mwa koti, akaanza kulimenya.